Njia nne za kusakinisha mfumo endeshi kwenye mashine pepe bila kugusa kibodi: ipi inakufaa?

Kila kisakinishi cha mfumo endeshi kina maswali yake: lugha ipi, kibodi ipi, diski igawanywe vipi, mtumiaji aitwe nani, nywila yake iwe nini. Ukisakinisha mara moja kwa mwaka, kuyajibu kwa mkono si kazi kubwa. Ukihitaji mashine pepe tano zinazofanana (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta halisi), au mashine moja unayoivunja na kuijenga upya kila wiki, maswali hayo yanakula muda. Baya zaidi, yanaleta tofauti: mashine ya tatu inapata mgawanyo wa diski usiolingana na wa pili kwa sababu tu mtu alibofya mahali pengine.

Njia zote za kujisakinisha zinajibu maswali yale yale. Zinachotofautiana ni wakati wa kuyajibu. Unaweza kuyajibu kwenye dirisha la programu ya mashine pepe kabla mashine haijawaka. Unaweza kuyaandika katika faili ambalo kisakinishi kitalisoma. Unaweza kuyatoa wakati taswira (nakala ya diski) iliyokwisha kusakinishwa na wengine inapowaka mara ya kwanza, au ukayafungia ndani ya kiolezo ulichokitengeneza mwenyewe. Ukishajua unataka kujibu lini, nusu ya uchaguzi imekwisha.

## Vigezo

Cha kwanza ni udhibiti: je, unaamua ukubwa wa kila sehemu ya diski, LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski kwa sehemu zinazobadilika ukubwa), usimbaji wa diski na orodha ya vifurushi, au unapokea ulichopewa? Cha pili ni muda, nao upimwe mara mbili, kwa mashine ya kwanza na kwa mashine ya kumi, kwa kuwa njia iliyo nyepesi mwanzoni mara nyingi huwa nzito baadaye. Cha tatu ni mifumo inayokubalika. Njia inayokwenda vizuri na Debian huenda isiifae Windows hata kidogo. Cha nne ni siri: nywila inakaa wapi, na nani anaweza kuisoma.

Cha tano watu hukisahau hadi usiku wa manane: kazi ikikwama, utajuaje ilipokwama? Mashine inayojisakinisha bila mtu hukosea pia bila mtu, na skrini nyeusi haikuambii kitu.

## Njia ya kwanza: kuiachia programu ya mashine pepe

VirtualBox ina uwezo huu tangu toleo 5.2 la mwaka 2017, kwa amri ya `VBoxManage unattended install`. Toleo 7.0 la Oktoba 2022 liliuingiza kwenye dirisha la kuunda mashine mpya. Unachagua ISO (faili la diski ya usakinishaji), programu inautambua mfumo uliomo, inakuuliza mtumiaji, nywila, jina la mashine na kama unataka Guest Additions (viendeshi na zana za VirtualBox za ndani ya mashine), kisha inaendelea peke yake. VMware Workstation ina huduma ya namna hiyo iitwayo Easy Install. Kwenye KVM (uwezo wa mashine pepe uliomo ndani ya Linux) kuna `virt-install --unattended`, iliyokuja mwaka 2019. Kwa ndani zote zinafanya jambo moja: zinakuandikia faili la majibu na kulikabidhi kwa kisakinishi.

Udhibiti. Mdogo. Diski yote hutumika kwa mgawanyo wa kawaida, na vifurushi ni vya chaguo-msingi. VirtualBox inakuruhusu kutoa kiolezo chako cha faili la majibu kwa `--script-template`, lakini ukifika hapo tayari umeingia njia ya pili.

Muda. Kujaza fomu ni dakika mbili; usakinishaji wenyewe unachukua muda ule ule wa kawaida. Mashine ya kumi inachukua sawa na ya kwanza, na ukitumia dirisha, unabofya upya kila mara.

Mifumo. Ni ile tu inayotambuliwa. Kabla ya kuunda chochote, uliza:

```
VBoxManage unattended detect --iso=faili.iso
```

Siri. Kwenye VirtualBox mtumiaji wa chaguo-msingi ni `vboxuser` na nywila ni `changeme`. Zibadilishe palepale kwenye dirisha, usingoje baadaye. Kwenye Linux, root (msimamizi mkuu) hupewa nywila ile ile ya mtumiaji. Angalia pia folda ya mashine: mafaili ya maandalizi ambayo majina yake yanaanza na `Unattended` yanaweza kubaki humo na nywila yako ndani.

Inapokwama. Matatizo mawili hujirudia sana. La kwanza ni Ubuntu Desktop kwenye VirtualBox 7.0: mfumo unasakinishwa vizuri, lakini terminali haifunguki na mtumiaji hana sudo (haki ya kuendesha amri za msimamizi). Terminali inazuiwa na mpangilio wa lugha ulioandikwa bila UTF-8. Bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate skrini ya maandishi, ingia, andika `su -`, kisha `usermod -aG sudo vboxuser`. Baada ya hapo weka `LANG=en_US.UTF-8` ndani ya `/etc/default/locale`, endesha `locale-gen` na uwashe upya. La pili ni Windows kulalamika kwamba haipati masharti ya leseni. Mara nyingi faili la majibu lililotengenezwa halilingani na toleo lililomo kwenye ISO. Chagua kuruka usakinishaji wa kujiendesha, ondoa kidhibiti cha floppy kwenye mipangilio ya mashine, kisha anza upya. Kumbuka pia kwamba jina la mashine lazima liwe na kikoa, mfano `kazi.lan`, neno moja tupu hukataliwa.

Inamfaa mwanafunzi, mtu anayejaribu mfumo mpya, au yeyote anayetaka mashine moja leo asiyojali diski imegawanywa vipi.

## Njia ya pili: faili la majibu uliloandika mwenyewe

Kila familia ya mifumo ina lugha yake. Debian hutumia preseed. Fedora, Red Hat Enterprise Linux, Rocky na AlmaLinux hutumia kickstart. Ubuntu Server tangu 20.04 hutumia autoinstall, inayoandikwa kwa YAML. Kisakinishi hicho kipya hakisomi preseed kabisa, ilhali miongozo mingi ya zamani ya Ubuntu bado inaielekeza, na wengi wamehangaika bure kwa sababu hiyo. Windows husoma `autounattend.xml`.

Udhibiti. Hakuna njia inayoushinda. Ukitaka `/var` iwe na sehemu yake, LVM yenye nafasi iliyoachwa wazi, au diski iliyosimbwa tangu siku ya kwanza, njia ni hii. Gharama yake ni kwamba lazima ujibu kila swali, hata lile ambalo hukujua kuwa lipo. Tazama mgawanyo wa LVM kwenye preseed:

```
d-i partman-auto/method string lvm
d-i partman-auto-lvm/guided_size string max
d-i partman-auto/choose_recipe select atomic
d-i partman-lvm/confirm boolean true
d-i partman-lvm/confirm_nooverwrite boolean true
d-i partman-partitioning/confirm_write_new_label boolean true
d-i partman/choose_partition select finish
d-i partman/confirm boolean true
d-i partman/confirm_nooverwrite boolean true
```

Zaidi ya nusu ya mistari hiyo inasema "ndiyo, nina hakika". Ukisahau mmoja, kisakinishi kinasimama kwenye swali hilo na kusubiri jibu la mtu ambaye hayupo.

Usianze na ukurasa mtupu. Anaconda, kisakinishi cha familia ya Red Hat, huacha nakala ya majibu yako kwenye `/root/anaconda-ks.cfg` hata ukisakinisha kwa mkono. Ubuntu huacha yake kwenye `/var/log/installer/autoinstall-user-data`. Sakinisha mara moja kwa mkono jinsi unavyotaka, chukua faili hilo, lirekebishe. Kwa Debian ni salama zaidi kuanza na mfano rasmi wa preseed unaotolewa pamoja na mwongozo wa usakinishaji.

Namna ya kulifikisha faili. Majaribio mengi ya kwanza hufa hapa, kwa hiyo tukae kidogo. Preseed inayopakuliwa kwa mtandao haiwezi kujibu maswali yanayoulizwa kabla mtandao haujawaka, yaani lugha, kibodi na mtandao wenyewe. Kwa sababu hiyo kerneli (kiini cha mfumo) hupewa `auto=true priority=critical url=...`, neno `auto` linayasogeza maswali ya lugha na kibodi mbele hadi faili lipatikane. Kwenye KVM kuna njia safi zaidi, ya kulitia faili ndani ya initrd (mfumo mdogo wa mafaili unaopakiwa pamoja na kerneli):

```
virt-install --name deb1 --memory 2048 --vcpus 2 \
  --disk size=20 --os-variant debian12 \
  --location http://deb.debian.org/debian/dists/bookworm/main/installer-amd64/ \
  --initrd-inject preseed.cfg \
  --extra-args "auto=true priority=critical console=ttyS0" \
  --graphics none
```

Lazima utumie `--location`. Ukiweka `--cdrom`, kerneli inapakiwa na ISO yenyewe, na `--extra-args` haina mahali pa kuingia.

Kickstart inapelekwa kwa `inst.ks=` au kwa diski ndogo yenye lebo `OEMDRV` na faili liitwalo `ks.cfg`, Anaconda huitafuta yenyewe. Autoinstall huwekwa kwenye diski yenye lebo `cidata`, ikiwa na mafaili mawili, `user-data` na `meta-data`. Bila neno `autoinstall` kwenye mstari wa kerneli, kisakinishi cha Ubuntu kitauliza kwanza kama una hakika ya kufuta diski. Ukiandika anwani kwa mtindo wa `ds=nocloud-net;s=http://...` ndani ya GRUB (programu inayoiwasha kerneli), ifunge kwa alama za nukuu: GRUB huichukulia nukta-mkato kama mwisho wa amri, na nusu ya pili hupotea kimya kimya.

Windows hutafuta `autounattend.xml` kwenye mzizi wa CD au diski inayoondoleka. ISO yenye matoleo kadhaa ndani hudai uchague moja kwa `/IMAGE/INDEX` au `/IMAGE/NAME`, la sivyo skrini ya kuchagua inatokea. Diski ya virtio (aina ya kifaa pepe cha KVM) haionekani kwa kisakinishi cha Windows bila kiendeshi chake. Ambatisha ISO ya virtio-win kama CD ya pili na utaje njia ya folda ya `viostor` kwenye sehemu ya windowsPE. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), UEFI yenye uwezo wa Secure Boot, RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64, hivyo mashine pepe iwe na TPM pepe kabla ya kuanza. Kisha kuna ule ujumbe wa kukutaka ubonyeze kitufe chochote ili kuanza kutoka CD. Ukisubiri, muda unapita na usakinishaji hauanzi. Dawa ni kuijenga ISO upya kwa kutumia `efisys_noprompt.bin`, au kuitumia programu ya mashine pepe itume kitufe hicho yenyewe.

Muda. Mashine ya kwanza ni nzito. Tarajia kurudia mara kadhaa kabla faili halijakaa sawa. Ya kumi haihitaji umakini wako, ingawa kila moja inasakinishwa kuanzia mwanzo na kupakua vifurushi vyake.

Siri. Usiandike nywila ya wazi. `openssl passwd -6` inakupa hashi (nywila iliyogeuzwa isisomeke) inayokubaliwa na preseed (`passwd/user-password-crypted`), kickstart (`--iscrypted`) na autoinstall. Kwa Windows hali ni mbaya zaidi: nywila iliyofichwa ndani ya XML imegeuzwa tu kwa base64, na yeyote anaweza kuirudisha. Nakala ya faili hilo hubaki pia kwenye `C:\Windows\Panther`. Weka nywila ya muda, ibadilishe mara mashine inapokamilika, ufute nakala.

Inapokwama. Chanzo cha kwanza cha kukagua ni jina la diski. Kwa virtio ni `/dev/vda`, kwa SATA au SCSI ni `/dev/sda`, kwa NVMe ni `/dev/nvme0n1`. Faili lililokwenda vizuri VirtualBox linakufa KVM kwa herufi moja. Cha pili ni RAM: kisakinishi cha familia ya Red Hat, kikipakuliwa kwa mtandao, hukaa kwenye RAM, na mashine yenye RAM ndogo hutoa kosa la kukosa nafasi ya diski ingawa diski ni tupu. Ipe gigabaiti 4 wakati wa kusakinisha, punguza baadaye. Cha tatu ni mzunguko usiokwisha: mashine inamaliza, inawaka upya, inaanza tena kutoka CD na kujifuta. Weka diski kabla ya CD kwenye mpangilio wa kuwaka. Diski tupu itaruka yenyewe kwenda CD mara ya kwanza, na ikishajaa haitaruka tena. Kwenye kickstart usisahau kuandika `reboot`, kwa sababu Anaconda isipoambiwa husimamisha mashine.

Kagua faili kabla ya kulitumia: `ksvalidator` kwa kickstart, `debconf-set-selections -c preseed.cfg` kwa preseed. Wakati wa usakinishaji, Debian inaonyesha logi kwa Alt+F4 na kukupa terminali kwa Alt+F2. Windows inafungua dirisha la amri kwa Shift+F10, na logi ya kusoma ni `X:\Windows\Panther\setupact.log`.

Inamfaa anayehitaji mgawanyo maalumu wa diski, anayefanya kazi na mashine za kawaida pamoja na pepe (faili lile lile linatumika kote ukishabadilisha jina la diski), au mwenye masharti ya usalama yanayodai kila hatua ya usakinishaji iwe imeandikwa.

## Njia ya tatu: taswira ya wingu na cloud-init

Hapa kisakinishi hakiendeshwi kabisa. Debian, Ubuntu, Fedora na Rocky hutoa taswira za diski zilizokwisha kusakinishwa, kwa kawaida za qcow2 (aina ya faili la diski pepe), zenye programu ya cloud-init ndani, inayosoma majibu yako mashine inapowaka mara ya kwanza. Unaunda diski juu ya taswira hiyo, unaambatisha CD ndogo ya majibu (CD ya mbegu), unawasha. Licha ya jina lake, haihitaji wingu lolote; inafanya kazi kwenye kompyuta ya mezani.

```
qemu-img create -f qcow2 -F qcow2 \
  -b debian-12-genericcloud-amd64.qcow2 web1.qcow2 20G
cloud-localds mbegu.iso user-data meta-data
```

Faili la `user-data` linaweza kuwa fupi hivi:

```
#cloud-config
hostname: web1
users:
  - default
  - name: fundi
    groups: sudo
    shell: /bin/bash
    sudo: ALL=(ALL) NOPASSWD:ALL
    ssh_authorized_keys:
      - ssh-ed25519 AAAA...
packages:
  - qemu-guest-agent
```

Anayetumia `virt-install` kuanzia toleo 3.0 anaweza kuiacha CD ya mbegu na kuandika `--import --cloud-init user-data=user-data`.

Udhibiti. Kwa diski, kidogo sana: Debian na Ubuntu huja na mzizi mmoja usio na LVM, na kuusimba baadaye ni kazi ngumu kuliko kusakinisha upya. Kwa yanayokuja baada ya diski, udhibiti ni mpana: vifurushi, mafaili, amri, mtandao, vyote vinaandikwa humo humo.

Muda. Hakuna kinachoishinda. Taswira ikishapakuliwa, mashine mpya inakuwa tayari ndani ya muda wa kuwaka kwake tu, pamoja na vifurushi ulivyoongeza. Diski mpya huhifadhi tofauti peke yake, kwa hiyo mashine kumi hazili nafasi mara kumi. Ila taswira ya msingi sasa ni nguzo ya zote: usiiwashe, usiisasishe, usiihamishe. Ikibadilika, diski zote zilizosimama juu yake zinaharibika.

Mifumo. Linux karibu yote. Windows inaweza kutumia Cloudbase-Init, lakini taswira utaijenga mwenyewe, na hiyo ni njia ya nne.

Siri. Taswira nyingi hufunga nywila kabisa na kukubali ufunguo wa SSH pekee, jambo jema. Unachoandika ndani ya `user-data` hubaki kwenye mashine chini ya `/var/lib/cloud`, na pia kwenye CD ya mbegu uliyoisahau imeambatishwa. Usiweke humo tokeni wala nywila za hifadhidata.

Inapokwama. Mashine inawaka vizuri, nawe huwezi kuingia: hilo ndilo lalamiko la kawaida. Kagua kwa mpangilio huu. Je, mstari wa kwanza ni `#cloud-config` hasa, bila nafasi mbele yake? Bila mstari huo faili lote linapuuzwa. Je, lebo ya CD ni `cidata`? Je, kuna tabo ndani ya YAML? Je, umeandika orodha ya `users` bila `- default`, halafu unajaribu kuingia kama `debian` au `ubuntu`? Mtumiaji huyo hakuundwa. Ukitaka nywila kwa ajili ya konsoli, weka `lock_passwd: false` pamoja na hashi, ukiitaka na kwa SSH, ongeza `ssh_pwauth: true`. Amri ya `cloud-init schema --config-file user-data` inakamata makosa mengi kabla ya kuwasha.

Cloud-init huhesabu kuwaka kwa kwanza kwa kutazama `instance-id` ndani ya `meta-data`. Ukirekebisha `user-data` na kuwasha mashine ile ile, hakitabadilika kitu mpaka ubadilishe kitambulisho hicho. Kwa mashine isiyo na data bado, ni haraka zaidi kufuta `web1.qcow2` na kuunda nyingine.

Chunguza pia aina ya taswira. Debian hutoa `generic`, `genericcloud` na `nocloud`. Hiyo ya mwisho haina cloud-init kabisa, licha ya jina lake kufanana na chanzo cha majibu kiitwacho NoCloud. Ya pili ina kerneli iliyopunguziwa viendeshi. CD ya mbegu isipoonekana, ibadilishie basi iwe ya SCSI, au chukua `generic`. Na usisahau kutaja ukubwa mwishoni mwa `qemu-img create`. Taswira ya msingi ina gigabaiti chache tu, na mzizi utajaa wakati wa sasisho la kwanza. Ukitaja ukubwa, cloud-init inapanua mzizi yenyewe.

Inamfaa anayeunda na kufuta mashine za Linux mara kwa mara, anayejaribu programu, au anayetaka maabara yake ifanane na seva za kukodi zinazotumia taswira zile zile.

## Njia ya nne: kiolezo chako mwenyewe

Unasakinisha mara moja, unaongeza programu zako, unasafisha alama za utambulisho, kisha unanakili. Unaweza kufanya hivyo kwa mkono, au kwa Packer, programu inayowasha ISO, kubonyeza vitufe badala yako, kusubiri SSH, kuendesha skripti na kuhifadhi matokeo. Kwa wanaojali leseni: Packer ilihamishwa na HashiCorp kwenda Business Source License mwezi Agosti 2023.

Udhibiti. Kamili, kwa kuwa ndani ya Packer kuna faili la majibu la njia ya pili. Njia hii haiifuti ile. Inaifanya itumike mara moja badala ya mara kumi.

Muda. Maandalizi ni marefu kuliko yote, nakala ni za haraka sana. Lakini kiolezo huzeeka. Kikikaa miezi sita, kila nakala inaanza maisha yake kwa kupakua masasisho ya miezi sita. Kipangie siku ya kujengwa upya kila mwezi, la sivyo faida ya kasi inayeyuka.

Mifumo. Yote, na kwa Windows ndiyo njia yenye nafuu kubwa zaidi, maana kusakinisha Windows na masasisho yake tangu mwanzo kwa kila mashine ni mzigo.

Siri. Kilichosahauliwa ndani ya kiolezo kinazaliana: historia ya amri, funguo za SSH, nywila ya muda ya Packer. Fungia au futa mtumiaji wa ujenzi katika hatua ya mwisho.

Inapokwama. Wakati wa kujenga, Packer husimama kwenye ujumbe wa kusubiri SSH. Mara nyingi SSH haina kosa: kisakinishi kimekwama kwenye swali, au vitufe vya `boot_command` vilibonyezwa kabla menyu haijatokea. Ongeza `boot_wait`, fungua skrini utazame. Kumbuka kwamba `ssh_timeout` ya chaguo-msingi ni dakika 5, muda usiotosha usakinishaji kamili, weka `40m`. Ukuta wa moto wa mashine mwenyeji unaweza pia kuzuia bandari ambazo Packer hugawia faili la majibu, kati ya 8000 na 9000.

Wakati wa kunakili, tatizo ni mapacha. Nakala mbili za Linux zenye `/etc/machine-id` moja zinaweza kupewa anwani moja ya IP na DHCP ingawa MAC zao ni tofauti, kwa sababu systemd-networkd hujitambulisha kwa namba hiyo. Endesha `truncate -s 0 /etc/machine-id` kabla ya kuzima. Faili liachwe tupu, lisifutwe. Futa pia funguo za SSH za mashine, lakini hakikisha zitaundwa upya: Fedora hufanya hivyo yenyewe, ilhali Debian isiyo na cloud-init inahitaji `ssh-keygen -A` kwenye kuwaka kwa kwanza, la sivyo SSH haiwaki. Programu ya `virt-sysprep` hufanya usafi huu wote kwenye mashine iliyozimwa. Usiielekeze kamwe kwenye mashine inayowaka, itaharibu diski.

Kwa Windows tumia `sysprep /generalize /oobe /shutdown`. Ikikataa, fungua `setupact.log` chini ya `C:\Windows\System32\Sysprep\Panther`. Mara nyingi utakuta programu ya Microsoft Store iliyosakinishwa kwa mtumiaji mmoja bila kuandaliwa kwa wote, iondoe, urudie. Kukata intaneti wakati wa kujenga kunazuia Store isijisasishe katikati ya kazi.

Inamfaa mwenye timu inayohitaji mashine nyingi zenye programu nzito tayari ndani, au anayehudumia Windows kwa wingi.

## Uchague kwa hali yako

Kama unajifunza na unataka mashine moja ya Ubuntu au Fedora jioni hii, anza na dirisha la VirtualBox, ukibadilisha nywila ya chaguo-msingi. Likikuletea matatizo mawili mfululizo, usipambane nalo. Ruka usakinishaji wa kujiendesha na ujibu kwa mkono. Kwa mashine moja hupotezi kitu.

Kama unajenga maabara ya seva za Linux utakazozifuta kesho, nenda moja kwa moja kwenye taswira ya wingu. Watu wengi huandika preseed ndefu kwa kazi ambayo mistari kumi ya cloud-init ingeimaliza. Swali la kujiuliza ni moja: je, mgawanyo wa diski una umuhimu kwangu? Kama hauna, hakuna sababu ya kuendesha kisakinishi.

Kama una umuhimu, kwa sababu ya usimbaji wa diski, LVM au sera ya ofisi, andika faili la majibu. Mashine zikiwa tatu kwa mwaka, liache hivyo hivyo. Zikifika kadhaa kwa mwezi, liweke faili lile lile ndani ya Packer. Hutapoteza ulichokwisha kuandika.

Kwa Windows, mashine moja au mbili zinatosheka na `autounattend.xml`. Kuanzia hapo kiolezo chenye sysprep kinajilipa, mradi kuna mtu aliyepewa jukumu la kukisasisha. Kama mtu huyo hayupo, baki na faili la majibu hata kama ni la polepole: linasakinisha kutoka ISO unayoweza kuibadilisha siku yoyote.

Na kama mashine zitawaka mahali pasipo na intaneti, anza kwa kuondoa orodha ya `packages` kwenye cloud-init na vioo vya mtandao (seva za kupakulia vifurushi) kwenye preseed, kwa kuwa usakinishaji utakwama kusubiri visivyofikika. Hapo kiolezo chenye kila kitu ndani, au kickstart inayosoma vifurushi kutoka DVD kamili kwa mstari wa `cdrom`, ndivyo vinavyofika mwisho.